Besi iliyokuwa inanguruma kanisani: jinsi nilivyoituliza

Ninapiga gitaa la besi kwenye kwaya hapa Goma, mtaa wa Himbi. Ukumbi wetu una mabati juu na kuta tupu. Kila nilipogusa noti ya si (B), freti ya pili ya waya wa la (A), jengo zima lilivuma na mama wa sauti ya kwanza walipoteza ufunguo wa wimbo. Nilipunguza sauti nzito kwenye ampli (kikuza sauti). Mvumo ulipungua, lakini gitaa likakonda, halina mwili tena.

Kaka anayeshughulikia sono, yaani vyombo vya sauti, akaniuliza: “Mdogo wangu, mbona unakata kila kitu wakati noti moja tu ndiyo mbaya?”

Alikuwa na haki. Noti hiyo ya si ni kama hezi 62 (mitetemo 62 kwa sekunde), na sauti ya juu ya kwanza inayolia ndani yake iko kwenye 123. Kwenye pedali yangu ya ekwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha kila eneo la sauti kwa kitelezi chake) yenye memori, nilipandisha kitelezi kimoja kimoja huku nikirudia noti ileile. Nilipopandisha kitelezi cha 125, ukumbi ulilia. Nikakishusha desibeli 6, nikaacha 62 palepale. Uzito ukabaki, mvumo ukaisha!

Hiyo nikaihifadhi memori ya kwanza, ya nyimbo za polepole. Ya pili ni ya sebene, sehemu ya kasi ya kucheza ambapo magitaa hutawala: 125 imeshuka vilevile, 800 imepanda desibeli 4 ili vidole visikike katikati ya magitaa. Kwa kuwa kupandisha huongeza sauti yote, nilishusha volyumu ya memori hiyo mpaka zote mbili zikalingana. Sasa nabadilisha kwa mguu, bila kugusa ampli.