Springi Iliyomwondoa Tandala

Tandala mkubwa alikuwa amesimama mita 120 hivi mbele yetu, kiwiliwili nyuma ya mkole, kichwa na bega nje. Ilikuwa mwezi wa tisa, Pori la Akiba Muhesi, wilayani Manyoni. Majani makavu chini yalikuwa yanavunjika kama kaukau. Upepo ulikuwa wetu: mzee msoma nyayo alikung'uta kifuko chake cha majivu, yakaturudia usoni. Mgeni tuliyekuwa tukimwindisha akajilaza juu ya kichuguu kilichobomoka, nami mbeba bunduki nikamfungulia bipodi, yaani miguu miwili ya kuegemeza bunduki. Mguu wa kushoto ukanichomoka mkononi, springi ikaubamiza kwenye kituo chake: kwa! Tandala akabweka mara moja, akakunja mkia juu, weupe wa chini yake ukatumulika, basi.

"Mwanangu, hicho chuma kinaongea," mzee akasema kwa sauti ya chini.

Jioni kambini tuliiweka bipodi ile juu ya turubai. Ilikuwa ya alumini, gramu 400 hivi. Mtu akiishika mkononi anasema ni nyepesi. Lakini inafungwa mbele kabisa, kwenye skrubu ya mkanda, mbali na pale bunduki inapojibeba sawasawa. Ukishatembea kilomita kumi mtutu unaanza kuinamia chini wenyewe na mkono wa kushoto unachoka kabla ya miguu. Kilichonisikitisha zaidi ni springi. Zilikuwa nje, wazi, na katikati ya mizunguko yake nilichomoa mashina matatu ya nyasi. Kila shina linaponaswa na kuachia, springi inalia kama waya wa zeze. Mguu wenyewe ni bomba tupu, hivyo hata mwiba wa mgunga ukiugusa unatoa mlio.

Mwindaji bingwa wetu alikuwa na nyingine ya nyuzi za kaboni, chini ya gramu 200, isiyo na springi za nje. Miguu yake unaivuta kwa mkono, kisha unakaza pete ili urefu usibadilike. Kaboni ikigongwa inatoa sauti fupi, butu. Ubaya wake ni pete hizo: mchanga ukiingia zinasaga, na kuzikaza kunakula sekunde ambazo mnyama hakupi. Hata hivyo mimi ningeichagua hiyo, maana mchanga unafutika kwa kitambaa kabla ya kutoka, lakini springi ya nje huwezi kuinyamazisha kabisa.

Urefu nao huwadanganya wengi. Miguu ya sentimita 23 hadi 33 inafaa kupiga umelala kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha. Porini, bila kichuguu, utaona mashina ya nyasi tu. Ukitaka kupiga umekaa chini unahitaji kati ya 35 na 65, na miguu hiyo mirefu ina uzito zaidi. Kwa hiyo usilinganishe gramu za fupi na za ndefu.

Kisha tukapima jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Nilichukua noti ya shilingi elfu moja nikaipitisha kati ya mtutu na kitako cha plastiki: ikateleza vizuri hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Mgeni alipoegemea bipodi kwa uzito wake, noti ikakwama. Plastiki ilikuwa inapinda na kugusa mtutu, na mtutu ukiguswa risasi inahama. Kesho yake alfajiri tulirekebisha darubini tukiwa tumeegemea vilevile kama windoni. Kwenye mwamba tuliweka kofia chini ya miguu, kwa sababu jiwe gumu linairusha bunduki na risasi inapanda juu.

Ile ya alumini hatukuitupa. Nilikata tyubu ya baiskeli vipande vya sentimita nane, nikavivisha miguu bila kufunika kitufe cha kufungulia. Kwenye kituo cha mguu nilibandika kipande cha kitambaa kizito. Oili sikutia: vumbi la Manyoni likichanganyika na oili linakuwa msasa. Nilisugua mshumaa kwenye maungio. Halafu nikajifunza kubonyeza kitufe huku kiganja kimeushika mguu, niushushe taratibu kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Usiku mzee alisimama hatua kumi, amenipa mgongo, akaniambia nifungue. Akisikia atainua kidole. Ya alumini kabla ya tyubu: kidole juu mara tatu kwa tatu. Baada ya tyubu na mshumaa: mara moja. Ya kaboni, pete zikiwa zimefutwa: hakuinua.

Kabla hatujapanda gari asubuhi, aliichukua bunduki iliyokuwa tayari na bipodi ya kaboni, akaitikisa karibu na sikio lake. Pete ya mkanda ikalia kidogo. Akachana ukingo wa kitambaa chake cha kichwani, akaifunga.