Kumbe meno unayajua

Maneno matatu tu. Mama kayasema Jumanne mchana na leo Jumapili bado yananizunguka kama mbu wa saa kumi alfajiri.

Bosi mnamjua, kile kijibwa cha kahawia tulichokichukua Ngaramtoni. Sa hivi ana miezi minne na nusu na anabadilisha meno, yani yale 28 ya utoto yanatoka yaje 42 ya ukubwani, na hiyo kazi haiishi mpaka afike miezi sita saba hivi, kwa hiyo kila kitu humu ndani ni chakula, kandambili, mguu wa stuli, waya wa chaja, pindo la pazia, vidole vyangu. Chanjo ya kichaa cha mbwa keshapata, namshukuru Mungu, maana mikono yangu ukiiona utadhani nakata mkonge.

Dawa aliyonielekeza daktari wa mifugo ni ya bure. Kitambaa cha zamani unakilowesha, unakisokota kama ngata, unatupia friza, kikiganda unampa atafune. Akikudaka mkono usimpige, unamchomekea kitambaa na mkono unautoa taratibu. Na panadol nisithubutu! Nilikuwa nimeshaikata robo nataka nimsagie kwenye uji, kumbe kwake ni sumu.

Sasa hiyo Jumanne. Mama yupo kwangu tangu send-off ya mdogo wangu (ilipita salama, keki ilichelewa, tutaongea siku nyingine). Narudi kazini nakuta kamweka Bosi jikoni kampa mfupa wa supu. Hata shikamoo sikutoa, nikamrukia mbwa nikamnyang'anya mfupa, nikaanza kuhutubia, mama mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vikali inamtoboa utumbo, mama huyu fizi zimevimba anataka kitu cha baridi, mama hivi, mama vile. Mama anachambua mchele, hajainua uso. Akatoa kijiwe, akakitupa pembeni, akasema, "Ee. Kumbe meno unayajua."

Basi. Akaendelea na mchele wake.

Mnaokumbuka enzi za Mtwara mshaelewa. Dogo, mwanangu, nilimwachia Mama kule Same akiwa na miezi sita, hana hata jino moja, nikaenda kuripoti kazini Mtwara, nikarudi Pasaka nakuta manne. Sasa ile "kumbe" ilikuwa ya kusifia au ya kunichoma? Nimeisema kwa sauti bafuni. Nimeisema kimoyomoyo kwenye daladala mpaka nikapitishwa kituo. Ukiivuta ile "ee" inakuwa mzaha, ukiikata inakuwa kitu kingine, na Mama aliikata. Majibu nishapanga kama kumi, kwani maziwa ya Dogo yalikuwa yanalipiwa na mshahara wa wapi, halafu nikifika hapo naona aibu mwenyewe. Ofisini wiki hii wametangaza wanapunguza watu, kikao kizima nilikaa nawaza mchele.

Alhamisi saa nane usiku Bosi kaanza kulia. Natoka chumbani niende kwenye friza kuchukua kitambaa, nakuta taa ya jikoni inawaka. Mama kakaa kwenye kigoda, pindo la kanga kalilowesha maji, kamwachia Bosi analitafuna. Kanga mpya, ya sare ya send-off.

"Usiku ndo yanauma," akaniambia, macho yapo kwa mbwa. "Mwanao nilikuwa namwekea kijiko ndani ya mtungi kipoe, anaking'ang'ania huko mpaka usingizi unamchukua."

Nikakaa sakafuni. Nikamuuliza lilianza jino lipi.

"La chini. La kushoto. Nililisikia kwenye kijiko kabla sijaliona, likagonga tii."

Akanihadithia mpaka jogoo wa jirani akawika, mambo ya homa, ya udenda kulowesha nguo nne kwa siku, ya siku aliyomng'ata mchungaji kidole kanisani. Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Ile "kumbe" sikumuuliza. Nadhani ilikuwa ya kuchoma kweli, mama yangu namjua.

Leo asubuhi Dogo kaokota jino la Bosi kwenye mkeka, kadogo hivi, ungekaona kwenye mchele ungejua ni kijiwe. Na Dogo mwenyewe ni kibogoyo wa mbele siku hizi kwa hiyo taratibu anazijua, akatoka nje mbio akalirusha juu ya bati, na Bibi yake anampigia makofi. Mi nikainua macho nifuate jino lilikoangukia, ndo nikaona bati la kona limenyanyuka, misumari kama mitatu haipo, na ni juu ya chumba anacholala Mama. Fundi nimempigia mara nne hapokei, na kule mlimani kumeshaanza kuwa kweusi.