Jirani wa Kristo au jirani wao?

Wiki hii mpwa wangu amebatizwa na wazee wapya wa kanisa wamechaguliwa, lakini akili yangu imeganda kwenye maneno machache tu ambayo mzee mmoja wa kanisa aliniambia baada ya ibada.

"Unakwenda kule kama nani?"

"Kama jirani, mzee."

"Jirani wa Kristo, mwanangu, au jirani wao?"

Kule ni kwenye maziko ya yule mzee Mwislamu, jirani yangu wa mlango wa pili. Mzee wa kanisa aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliozidi kuniuma. Jirani wa Kristo au jirani wao! Tangu lini hao wakawa watu wawili? Yesu alipoulizwa jirani ni nani alimtaja Msamaria, mtu wa kabila lililoabudu katika mlima Gerizimu, si Yerusalemu. Kuhani na Mlawi walimpita kando mtu aliyejeruhiwa njiani; Msamaria ndiye aliyemsaidia.

Tena Yesu hakuficha tofauti. Katika Yohana 4 alimwambia mwanamke Msamaria waziwazi kwamba wokovu watoka kwa Wayahudi. Ila alianza kwa kumwomba maji, ingawa Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria.

Sasa tuje kwenye maziko yenyewe. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa hiyo anayesema "nitapita kesho" hukuta kaburi limeshafukiwa. Sala ya jeneza haina rukuu (kuinama) wala sijida (kusujudu): watu husimama, takbira nne (kusema "Allahu Akbar"), kisha salamu. Mkristo halazimiki kuingia safu. Akae nyuma, kimya, avae nguo za staha, na kama sala ni msikitini avue viatu. Kujipanga safuni na kufuatisha ibada usiyoiamini hakumheshimu marehemu wala Mungu wako. Kufukia kaburi ni jambo jingine. Wakikukaribisha, tupa udongo wako kwa mkono kama wenzako. Sema "poleni sana" na ukomee hapo. Usitangaze marehemu amekwenda wapi.

Na usigawe vipeperushi msibani, nawaomba. Aliyefiwa hana nguvu hata ya kukataa. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa waraka wa pamoja kuhusu kumshuhudia Kristo katikati ya dini nyingi, wakakataa kuutumia umaskini na shida za watu kuwavuta. Petro naye anataka tuwe tayari kumjibu yule anayeuliza, kwa upole na hofu. Basi ngoja uulizwe. Ukiulizwa, usimung'unye maneno: mtaje Kristo.

Leo asubuhi hasira imenitoka. Nimeona mzee angeweza kunisema mimbarani, lakini alinivuta pembeni. Na swali lake la kwanza lina haki yake: wapo wanaokwenda bila kujua wanakwenda kama nani, wakishafika wanasali kila sala na kuitikia kila dua kwa kuogopa kuonekana wageni. Anawaogopea hao, na mimi pia nawaogopea. La pili ndilo siwezi kulipokea. Jumapili nitamwamkia, nimwambie hivyo, nimwombe twende pamoja kuwajulia hali wafiwa, kwa kuwa mjane yuko eda, yaani kipindi cha kukaa baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, na wengi huacha kufika baada ya wiki ya kwanza.