GT-R ya Kwenye Gemu, Mark II ya Mlima Nyoka

Kabla sijawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote dogo, nilikuwa tayari ninamiliki Nissan Skyline GT-R ya toleo la R32, ya rangi ya kijivu, yenye turbo kubwa, yaani kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini, na tairi za mbio. Ilikaa ndani ya memori kadi, na memori kadi ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya meza ya mwenye kibanda cha gemu pale Mwanjelwa, Mbeya, pamoja na kadi za vijana wenzangu, kila moja ikiwa imebandikwa plasta yenye jina. Tulilipia nusu saa nusu saa. Gran Turismo, mchezo uliotoka Japani Desemba 1997, ulimpa mchezaji krediti 10,000 tu za kuanzia, kwa hiyo mtu alinunua gari kuukuu, akashinda mbio ndogondogo, akaweka akiba, na ndipo akaifikia GT-R. Mimi ilinichukua likizo nzima ya Juni.

Haikunivutia kwa sura, maana kwa sura Toyota Supra iliipita mbali, na hilo niko tayari kulitetea mbele ya yeyote. Ilinivutia kwa tarakimu. Injini yake iliandikwa kuwa na sentimita za ujazo 2,568, nami niliyezoea kuwasikia mafundi wakitaja lita mbili, mbili na nusu au tatu, nilidhani aliyeandika alikosea. Niliendelea kudhani hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Kumbe hesabu ile ilitoka kwenye kanuni za mbio. Katika mashindano ya Group A, mbio za magari yanayotokana na yale yanayouzwa kwa watu wa kawaida, ambayo Nissan ilidhamiria kuyatawala, ujazo wa injini yenye turbo ulizidishwa kwa 1.7 ili ulinganishwe na injini zisizo na turbo, kisha gari likapangiwa daraja lenye uzito wake wa chini na upana wake wa tairi. Ukizidisha 2,568 kwa 1.7 unapata 4,366 kasoro kidogo, yaani ndani ya daraja lisilozidi 4,500. Wahandisi walichagua daraja kwanza, halafu wakatafuta injini ya kuenea humo. Barabarani gari lilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280, kwa sababu makampuni ya Japani yalikuwa yamekubaliana kutovuka kiwango hicho, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. Lakini injini hiyohiyo, RB26DETT, yenye silinda sita katika mstari mmoja, turbo mbili na bloku ya chuma cha kusubu, ilikuwa imeundwa ili kwenye mbio itoe zaidi ya nguvu farasi 500. Ndiyo sababu mafundi wa kuongeza nguvu waliikimbilia: nafasi ya nguvu waliyoitafuta ilikuwa imeshaachwa na kiwanda chenyewe. Kati ya 1990 na 1993 R32 ilishinda mbio zote 29 za ubingwa wa Japani wa magari ya aina hiyo, na Waaustralia, walioishuhudia ikishinda mbio zao kubwa za Bathurst mwaka 1991 na 1992, waliipa jina la Godzilla.

Hayo yote gemu haikunieleza. Gemu ilinifundisha kwamba nguvu hununuliwa. Unalipia ekzosi, tarakimu inapanda hapohapo. Unalipia turbo, inapanda tena. Kisha unaingia Trial Mountain, moja ya njia za mbio za gemu hiyo, na kuwaacha wenzako kwenye mahandaki. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona turbo yangu ikifa.

Nilipopata kazi nilinunua Toyota Mark II, GX100, yenye injini ya lita mbili isiyo na turbo. Kwa kuwa nayo ina silinda sita katika mstari mmoja, nilijiambia kwamba ni ndugu wa RB26, na udugu wenyewe uliishia kwenye idadi ya silinda. Jambo la kwanza nililofanya ni lile nililozoea kufanya kibandani, yaani kubadilisha ekzosi na kufunga bomba pana kuliko la kiwandani. Sauti ikawa nzito kiasi kwamba majirani zangu wa Sae walijua saa ninayorudi bila kuchungulia dirishani. Nikalipeleka Uyole na kuupanda Mlima Nyoka nikisubiri ile tarakimu ipande, na gari likapanda kwa uvivu kuliko siku zote, hata nikapitwa na Noah iliyojaa abiria.

Nilirudi gereji nikiwa na hasira. Fundi, mzee aliyekuwa akinihudumia tangu nilinunue gari, aliitikia shikamoo yangu, akainama, akachungulia chini, akacheka kimya kimya. “Mwanangu, umepanua pua ya kutolea, ya kuvutia umeiacha ileile, na hewa yenyewe ya huku ni chache. Sasa nguvu itoke wapi?”

Neno lake kuhusu hewa ndilo lililonirudisha kwenye GT-R. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takribani sehemu ya sita ya nguvu zake kabla hujakanyaga mafuta. Mark II inayokimbia vizuri Dar es Salaam, huku kwetu huwa imeacha farasi zaidi ya ishirini njiani. Turbo hupunguza hasara hiyo, kwa kuwa moshi unaotoka huzungusha panga, panga hilo hushirikiana mtaimbo na panga la pili, na hilo la pili huvuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Nilipolielewa hilo nilijiona nimegundua gari la nyanda za juu: R32, inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma na, yanapoteleza, kuhamishia nyingine mbele hadi nusu kwa nusu. Kwa matope ya Machi kwenye njia za Rungwe, nani angetaka zaidi?

Ila kuna bei. Ili kuingiza ndani ya silinda hewa ileile ya usawa wa bahari, turbo iliyoko Mbeya hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na mapanga ya upande wa moshi ya R32 yalikuwa ya kauri, nyenzo nyepesi inayoamka upesi lakini isiyovumilia. Aliyepandisha msukumo kupita kiasi aliyavunja, na vipande vyake viliweza kurudi ndani ya injini. Kwa hiyo fundi mwenye akili alianza kwa kufunga turbo za mapanga ya chuma, akafuatia mafuta na upoozaji, na nguvu akaziacha mwisho. Ni mpangilio uleule wa mzee wangu wa gereji, ambaye sidhani kama amewahi kuishika padi ya gemu.

Alinirudishia bomba la zamani, akasafisha njia ya hewa, akabadilisha plagi, kisha akanishauri fedha iliyobaki niiweke kwenye breki. Nilimshukuru miezi miwili baadaye, nikiteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni kwa gia ndogo, nyuma ya lori lililokuwa likinuka breki tangu kona ya kwanza.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja na PlayStation yake, na R32 bado imo humo, ya kijivu vilevile. Akaniuliza, “Mjomba, tuanze kununua nini?” Nikamwambia breki, nikamweleza habari za kauri, za kimo na za Kitonga, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanunua turbo kubwa kuliko zote, tukashindana, na akaniacha sekunde tisa.