Nilivyojifunza kusoma upepo wa yadi 1,000

Kwa yadi 1,000, yaani mita 914, risasi ya milimita 7.62 hukaa hewani kama sekunde moja na nusu. Upepo wa mbavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma zaidi ya mita mbili, na duara la katikati la shabaha lina upana wa kama sentimita 60 tu. Hesabu hizo nilizijua kwa ghibu kabla sijalala kifudifudi uwanja wa kulenga shabaha wa Stickledown, Bisley, huku Uingereza. Upepo wenyewe ndio sikuujua.

Julai ile tulikuwa wawili kwenye shabaha moja, tunapokezana, mimi na mzee mmoja aliyeanza kulenga shabaha kabla sijazaliwa. Nilihisi upepo shavu la kushoto, nikazungusha saiti, yaani kilengeo cha bunduki, dakika sita kushoto. Dakika hapa ni kipimo cha pembe, si cha muda; moja kwa umbali ule ni kama sentimita 27. Nikafyatua: sentimita 80 kushoto, pointi tatu kati ya tano. Nikapunguza dakika tatu. Risasi iliyofuata ikaenda sentimita 80 kulia. Tatu tena. Mzee wangu, kwa upepo uleule, alikuwa anapiga tano tupu.

Tulipomaliza akaniuliza, "Ulipofyatua ile ya kwanza, bendera za upepo zilikuwaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezitazama nikiweka saiti, kisha nikajifungia kwenye tundu la kulengea huku upepo ukilegea nusu nzima. Na marekebisho yangu yalifuata tundu la risasi iliyopita, si upepo uliokuwapo.

Akanifunulia daftari lake. Kila risasi ina alama mbili: dakika alizoweka, na dakika ambazo zingeifikisha katikati. Alama hizo za pili ameziunganisha kwa mstari, nao unapanda na kushuka kati ya tatu na sita na nusu. Haukutoka nje ya hapo hata mara moja. Mimi nilidhani upepo umechanganyikiwa, kumbe ulikuwa na mipaka, na mwenzangu alishaijua kufikia risasi ya sita.

Tangu siku hiyo nachora. Kabla ya zamu nakaa na darubini, naivuta ione katikati ya njia badala ya shabaha, nitazame mazigazi, yaani mawimbi ya hewa yenye joto, yanavyotiririka. Yakipanda wima, ama upepo umekufa, ama ni wa omo (wa mbele) au wa tezi (wa nyuma). Bendera za karibu nami nazipa uzito kuliko zile za kule mbele, kwa sababu risasi iliyopotoshwa mapema huendelea kupotoka safari nzima. Mwenzangu akipiga, mimi nasoma, maana zamu yangu ikifika nina sekunde 45 tu. Na kidole kikiwa tayari, natupia bendera jicho la mwisho. Zikibadilika, nashusha bunduki.

Upepo wa omo bado unanitesa. Ukigeuka nyuzi 30 tu, tayari una nusu ya nguvu ya upepo wa mbavuni, na mara kushoto, mara kulia. Jumamosi iliyopita ulikuwa hivyo. Mstari wangu ulivuka sifuri mara saba katika risasi 15, na hizo saba nimezizungushia wino mwekundu.