Dhahabu ya Ndani

Somo la juma: Kutoka 35:20 – 37:2

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekwama kwenye neno moja dogo. Nilikuwa nasoma habari za Bezaleli, yule fundi wa hema ya kukutania, nikafika pale anapotengeneza sanduku la agano. Mti wa mshita, urefu dhiraa 2 na nusu, upana dhiraa 1 na nusu, kwenda juu dhiraa 1 na nusu. Vipimo vya namna hii huwa navipita mbio, na nadhani si mimi peke yangu. Kisha Biblia inasema: "naye akalifunika dhahabu safi ndani na nje."

Ndani?

Hebu liwazeni sanduku lenyewe. Juu linafunikwa kwa kiti cha rehema. Linakaa nyuma ya pazia, na anayeingia huko ni kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, tena katika moshi wa uvumba. Siku ya safari linafunikwa pazia, juu yake ngozi, juu yake nguo ya rangi ya samawi. Ukimtoa Musa, aliyeziweka mle mbao za mawe za ushuhuda, ni nani angechungulia? Bezaleli angeweza kuuacha mti wa ndani mtupu. Angeokoa dhahabu, angeokoa na siku za kufua mabamba, na hakuna Mwisraeli ambaye angejua.

Mimi nashona, wengi wenu mnajua. Kwa sisi mafundi cherehani, Januari ndiyo mavuno: shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare jana. Mwaka mmoja nilikuwa na sketi 14 za marinda za oda moja. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo kingo za ndani huwa napeleka kwa jirani mwenye mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo nyuzi zisichomoke. Umeme ukakatika siku mbili. Ningeweza kukaa nikashona zile kingo kwa mkono, taratibu, usiku huo. Nilijua namna. Badala yake nikasema, "Ndani nani ataangalia?" Nikawasha pasi ya mkaa, nikayalaza marinda yakanyooka kama kurasa za daftari jipya. Mteja alipokuja kuzichukua alisifia, akalipa, akaniongezea na ya soda. Pasi inaficha mengi, wapendwa.

Nimeishika habari hiyo kwa muda mrefu bila kujua niiweke wapi, mpaka nilipokutana na hiyo "ndani na nje".

Siku hizi tunatumiana sana klipu za hamasa. Amka saa kumi usiku, jiwekee malengo, usikubali kuwa wa kawaida. Sizipingi. Nazisikiliza nikiwa nawasha jiko, na kweli zinanipa moto, lakini ikifika saa nne asubuhi moto umeshazimika na nguo za watu ziko palepale mezani. Ari ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuiona. Ikikosa mashahidi inalala.

Waliojenga hema walitoka wapi? Walitoka kwenye matofali ya Misri. Sura ya 5 inatueleza: matofali kwa hesabu ya kila siku, majani wajitafutie, wanyapara juu yao, na hesabu isipotimia ni fimbo. Hiyo ndiyo shule ya kazi waliyoijua. Mtu aliyefundishwa hivyo hufanya kazi pale mnyapara anapotazama. Akigeuza shingo, na mikono inashuka. Halafu watu walewale, hata miaka miwili haijapita tangu Misri, wanaandikwa hivi: wakaja, "kila mtu ambaye moyo wake ulimhimiza". Wakaleta vitu hadi mafundi wakaenda kushtaki kwa Musa kwamba vimezidi, ikabidi itangazwe kambini watu waache kuleta. (Mimi sijawahi kusikia kamati ya ujenzi ikitoa tangazo hilo.)

Kilichobadilika hapo katikati ni bwana wa kazi. Mungu anasema juu ya Bezaleli, "nimemwita kwa jina lake". Farao hakuwa na jina la mtu, alikuwa na idadi ya matofali. Paulo naye anawaandikia watumwa wa Kolosai wasitumike "kwa utumwa wa macho". Nilikuwa nikidhani ni onyo kwa wenye mabosi. Lakini Januari ile sikuwa na bosi. Banda langu, cherehani yangu, muda wangu, na bado nilikuwa mtumwa wa macho ya mteja: palipofika jicho nilinyoosha, lisipofika nikaruka.

Kuna jambo jingine, la lugha. Mithali 22:29, mstari tunaoupenda, unasema: "Je! Wamwona mtu mwenye bidii katika kazi zake? Huyo atasimama mbele ya wafalme." Neno la Kiebrania lililoko pale ni mahir. Ndiyo, ni ndugu wa neno letu mahiri, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Ndilo neno lililotumika pia kwa Ezra, yule mwandishi wa sheria. Tumezoea kuhubiri bidii tu, na bidii ni njema, ila mtu anaweza kuwa na bidii miaka 20 akilirudia kosa lilelile kila siku. Umahiri unataka kufumua. Unataka ukubali kwamba mshono huu umepinda, uuchane, uanze upya, na huku mteja amesimama mlangoni. Ezra aliuelekeza moyo wake kuitafuta sheria, kuitenda, na kufundisha. Kwa mpangilio huo.

Na kabla mtu hajajiua kwa kazi kwa jina la Bwana: Mungu alipomaliza tu kuwaita Bezaleli na Oholiabu, fundi mwenzake, neno lililofuata lilikuwa Sabato. Hata hema lake lilisubiri.

Juma hili nawaomba tuutazame upande wa ndani wa kazi zetu. Mwalimu anajua kama madaftari ya chini kabisa kwenye rundo ameyasoma au ameyapiga tiki tu. Fundi wa nyumba anajua alichanganya saruji kiasi gani kwenye msingi. Tumwombe Bwana atupe ule moyo aliompa Bezaleli, hasa siku ya Jumatano, wakati mahubiri ya Jumapili yameshapoa.

Zile sketi? Mwezi wa nne binti mmoja alikuja bandani peke yake, ubavu wa sketi umeshikwa kwa pini tatu. Nyuzi zilikuwa zimechomoka mpaka zimeufikia mshono. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kushona ni bei gani. Nilimpa khanga ajifunge, nikaishona kwa mkono, kingo zote, yeye amekaa kwenye benchi akila embe. Nyingine 13 sikuwahi kuzipata. Mpaka leo nikipishana na mtoto mwenye sare ya rangi ile, naangalia ubavuni.