Kitambulisho cha mwanangu

Jana alfajiri tulipanda boti kutoka Faza hadi Lamu, mimi na kijana wangu aliyetimiza miaka 18, kuomba kitambulisho. Afisa akataka hati za babu yake. Babu! Marehemu baba alikuwa mvuvi. Aliacha nyavu na msala wa kuswalia, si makaratasi. Tukarudi mikono mitupu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 14, yasema aliyezaliwa na mzazi Mkenya ni raia. Haisemi Mbajuni kama sisi, watu wa visiwa vya Lamu, aanze kwa babu. Hata Wapemba wa pwani hii, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya 2023 tu.

Mwaka 2024 polisi wetu walikwenda Haiti kulinda watu wa mbali, nami niliona fahari. Naitaka fahari hiyo ifike Faza. Jumatatu tunapanda boti tena.